Kutulia na Kutulizwa

Mtoto kwetu hajamaliza kujifunza kutembea, tayari ameshalisikia neno tulia mara zisizohesabika. Tulia nikuvishe shati. Tulia nesi akuchome sindano. Tulia, kuna wageni. Kanisani, msikitini, darasani, kwenye daladala, neno ni hilohilo. Mtoto aliyetulia ni sifa kwa mama yake, anaonekana amelelewa. Ndiyo maana mwalimu wa darasa la awali aliponiita pembeni, mwezi wa pili tu tangu shule ifunguliwe, akaniambia kwa upole, "Mama, huyu mtoto hatulii," mimi sikusikia habari za mtoto. Nilisikia nasomewa hukumu.

Mwanangu sasa ana miaka tisa. Ana usonji, na juu yake ana ile hali ya kutotulia na kukosa umakini ambayo madaktari huitaja kwa herufi nne, ADHD. Kwa muda mrefu vitabu vya utabibu havikukubali mtoto mmoja awe na yote mawili. Mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani, unaofuatwa sehemu nyingi duniani, ulimtaka daktari achague moja, hadi toleo lake la tano lilipotoka mwaka 2013 na kuliondoa katazo hilo. Anayeishi na mtoto wa namna hii huyaona yote mawili kila siku, tena yakigombana. Usonji humtaka mwanangu apite njia ileile kila asubuhi, upande uleule wa ukuta, akigusa nguzo zilezile za umeme. Hali ya pili humng'oa katikati ya njia hiyohiyo na kumrusha kufuata kipande cha karatasi kinachopeperushwa na upepo. Akishaiacha njia yake huangua kilio, kwa kuwa njia imevunjika, na aliyeivunja ni yeye mwenyewe, wala hajui ataiungaje.

Tunakaa Nkuhungu, mahali ambapo usiku unayasikia malori yakielekea Singida, mengi yakiwa na mizigo ya Rwanda na Kongo. Mwezi wa saba, upepo wa Dodoma unapovuma kutwa na vumbi kuingia hadi kwenye kopo la sukari, mwanangu huwa hashikiki. Jioni moja mwaka jana nilikuwa nasonga ugali. Niligeuka kuchukua maji, nikageuka tena, mlango uko wazi. Kijana wa bodaboda ndiye aliyemkuta, amesimama katikati ya lami, mikono ameitanua, anausikiliza upepo. Lori lilikuwa limeshafunga breki. Dereva hakunitukana. Alishuka, akaketi kwenye kidato cha lori lake, akainamisha kichwa kwa muda mrefu.

Tangu siku hiyo nilianza kumfunga. Nalisema wazi kwa sababu najua siko peke yangu; wako akina mama wengi wa uwanda huu wanaofanya hivyo na hawana wa kumwambia. Nilimfunga kanga kiunoni, ncha ya pili kwenye mguu wa meza, kwa muda wa kupika tu. Siku ya nne nilimkuta anagonga kichwa ukutani, taratibu, kwa mpigo mmoja usiobadilika, kama mtu anayetwanga. Ukuta ulikuwa na damu. Kwa hiyo mtu anaponiuliza nilipata wapi moyo wa kumpa mtoto dawa za akili, huwa naanzia hapo. Kabla ya kidonge kulikuwa na kanga.

*

Daktari mmoja alipotaja dawa, ndugu zetu hawakulisikia jina la dawa. Kila mmoja alisikia Mirembe.

Mirembe ni hospitali, lakini katika vinywa vya watu imekuwa neno zaidi ya hospitali. Waingereza waliijenga hapa Dodoma katika miaka ya 1920, ikapokea wagonjwa wa akili kutoka Tanganyika nzima. Kabla yake kulikuwa na kituo cha wamisionari wa Kijerumani huko Lutindi, kwenye milima ya Usambara. Kwa karibu karne moja sasa jina hilo limetumika kutukania. Nikiwa darasa la nne niliwahi kumwambia mwenzangu kwamba nafasi yake iko Mirembe, na darasa zima likacheka. Leo ni hospitali ya taifa ya afya ya akili, ina wataalamu waliobobea, na wengi wanaotibiwa pale hurudi makwao wakaendelea na kazi zao. Lakini jina limeshatangulia mbele ya kazi. Inaniuma zaidi kila ninapokumbuka kwamba katika Kiganda mirembe ni amani. Kwetu hatulitaji kwa maana hiyo.

Wakwe zangu wako ndani ya Chamwino, mbali na lami, kwenye nchi ya mibuyu na mashamba ya uwele. Tulikwenda huko kuwaeleza kabla ya kuamua, kwa kuwa mtoto ni wa ukoo. Mama mkwe alinisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa.

"Mwanangu," akasema, "hizo dawa zitamzamisha."

Mgogo akitaja kuzama, hatumii neno jepesi. Wazee husimulia kwamba jina la mji wetu limetokana na tembo aliyekwenda kunywa maji karibu na kijito cha Kikuyu, akanasa kwenye tope asiweze kujinasua, akaishia humo. Waliomwona wakasema idodomya, yaani amezama. Tembo yule hakuanguka wala hakupigwa. Alikwenda mwenyewe pale penye maji, kwa kiu, na kila alivyojitahidi kutoka alizidi kwenda chini. Hicho ndicho bibi alichokuwa akikiona: mjukuu wake akipelekwa kwenye maji na mama mwenye kiu.

Kisha akaninyooshea kidole uani. Babu ana ilimba ya zamani, ile ala ya Wagogo ya sanduku na vijiti vya chuma ambayo mwanamuziki marehemu Hukwe Zawose alizunguka nayo duniani. Mwanangu alikuwa ameipakata, hapigi wimbo. Anabonyeza kijiti kimoja, anaweka shavu juu ya sanduku, anasubiri mvumo uishe wote, anabonyeza tena. Alikuwa amekaa hivyo tangu tulipofika. Mtoto ambaye darasani hakai dakika mbili alikuwa amekaa saa nzima.

"Mtazame," bibi akasema. "Hapo ametulia. Nyie mnataka kumtuliza."

Nimeyabeba maneno hayo tangu siku ile. Lugha yetu imeyatofautisha vizuri kuliko fomu yoyote ya hospitali niliyowahi kujaza. Anayetulia ametulia mwenyewe; amefika mahali moyo wake umepata pa kukaa. Anayetulizwa ametendwa. Kwa anayetazama kwa mbali wote wawili wako kimya, na ndiyo sababu makosa hutokea. Mwalimu ataona mtoto ameketi. Jirani ataona kelele zimekwisha. Mama aliyechoka ataona amepata usingizi. Hakuna kati yao atakayejua, kwa kutazama kiti tu, kama aliyeketi ametulia au ametulizwa.

*

Bibi alikuwa na haki, lakini haki yake ilikuwa na mipaka. Ilimba haizuii lori.

Nilimkumbuka daktari mmoja aliyepata kufanya kazi Mahenge, Louise Jilek-Aall, mwanamke wa Norway aliyekuja Tanganyika akiwa kijana. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alianzisha kliniki ya kifafa miongoni mwa Wapogoro, kwenye eneo ambalo ugonjwa huo ulikuwa mwingi kupita kawaida. Alikuta watu waliotengwa, wanaokula peke yao, wenye makovu ya moto kwa sababu walipoangukia jikoni watu waliogopa kuwagusa. Dawa aliyokuwa nayo ilikuwa ya bei ndogo na kongwe, fenobabitoni. Ilipunguza degedege, na mtu aliyeacha kuanguka alirudishiwa nafasi yake kwenye mkeka wa familia. Kidonge kile hakikumnyamazisha mtu. Kilimfungulia mlango. Lakini fenobabitoni hiyohiyo inajulikana kwamba huwafanya baadhi ya watoto wasitulie na wawe wakorofi kuliko walivyokuwa. Nilipoisoma habari ile niliacha kutafuta dawa njema na dawa mbaya. Nikaanza kuuliza dawa fulani inamfanyia nini mtoto fulani, na nani yuko pale kuona.

Daktari tuliyempata baadaye alikuwa mtu wa kuuliza hivyo. Nilikwenda nikiwa tayari kupokea cheti cha dawa au kukikataa, lakini hakuandika kitu. Aliniuliza mwanangu hulala saa ngapi. Akauliza habari za haja kubwa, minyoo, masikio, malaria alizowahi kuugua. Kisha akauliza, "Mama, ni lini mara ya mwisho mtu alitazama kinywa chake?"

Hakuna aliyewahi kutazama. Mtoto ambaye hakubali hata kupigwa mswaki, nani atamfungua kinywa? Ilichukua watu watatu na kanga tena, safari hii ikiwa imemfunika macho asiione taa. Nyuma kabisa, upande wa kulia, kulikuwa na jino lililooza hadi kwenye fizi. Upande uleule aliokuwa akiugonga ukutani.

Nimelia kwa mambo mengi katika malezi haya, lakini kwa lile jino nililia kwa namna nyingine. Mwanangu hana maneno zaidi ya thelathini, na "jino linauma" halimo. Alikuwa na ukuta tu. Nasi tulikuwa karibu kumpa dawa ya kumnyamazisha, na angenyamaza, na jino lingeendelea kuoza chini ya ukimya huo. Angekuwa ametulizwa kwelikweli. Tangu siku hiyo kila mzazi anayeniuliza kuhusu dawa namwambia kwanza: tafuteni maumivu. Masikio, meno, tumbo, njaa, usingizi, nguo inayokwaruza, mtoto anayemchokoza njiani. Tabia ya mtoto asiyesema ndiyo mdomo wake; usiuzibe kabla hujasikiliza umesema nini.

Jino liling'olewa. Kujigonga kulipungua, lakini hakukuisha. Kukimbia hakukupungua hata kidogo. Wiki ya tatu alimng'ata mdogo wake shavuni hadi tukaenda kushona. Hapo ndipo swali lilirudi, safari hii likiwa limevuliwa visingizio vyote.

*

Dawa hizi zina historia ambayo mzazi anastahili kuijua. Mwaka 1937 daktari Charles Bradley, aliyekuwa akiongoza nyumba ya watoto wenye matatizo ya akili na tabia katika jimbo la Rhode Island, Marekani, aliwapa watoto dawa ya kusisimua iliyoitwa Benzedrine. Watoto walikuwa wakiumwa kichwa baada ya kipimo cha ubongo, naye alitaka kuyapunguza maumivu hayo. Maumivu ya kichwa hayakubadilika sana. Kilichobadilika ni masomo: dawa ambayo ingetarajiwa kuwachangamsha iliwafanya wengi wao wakae na kazi yao. Mwaka 1944 mkemia Leandro Panizzon wa kampuni ya Ciba, Uswisi, alitengeneza methilifenidati, na kutoka kwa jina la mkewe, Rita, ikapatikana Ritalin. Hadi leo hiyo ndiyo dawa inayotajwa kwanza duniani kwa mtoto asiyetulia. Haimlazi. Inamsaidia kushikilia jambo moja kwa saa chache, kisha inaisha mwilini.

Lakini kwa mtoto mwenye usonji pia, hesabu hubadilika. Utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2005 uliwapa methilifenidati watoto 72 wenye hali zote mbili. Karibu nusu, asilimia 49, walinufaika. Asilimia 18 waliiacha kwa sababu ya madhara, hasa hasira na kukasirika ovyo. Kwa maneno mengine, mlango upo, ila ni mwembamba zaidi kwa watoto kama wangu.

Na mlango wenyewe uko mbali. Methilifenidati ni dawa inayodhibitiwa kimataifa, na mara mbili, mwaka 2019 na mwaka 2021, wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walikataa ombi la kuiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu, wakisema ushahidi wa faida zake una mashaka. Nchi nyingi kama yetu huitumia orodha hiyo kupanga zinunue nini. Nilizunguka na karatasi yangu ya daktari kwenye maduka ya dawa hapa mjini. Mfamasia mmoja alinihurumia akaniambia nijaribu Dar es Salaam. Kwa mtumishi wa mshahara mdogo, dawa ya kila siku inayotafutwa umbali wa zaidi ya kilomita 450 si dawa. Ni tetesi.

Iliyokuwepo ni risperidoni. Hiyo ilianza kama dawa ya watu wazima wenye skizofrenia, na hapo bibi hakukosea: ni jamaa ya dawa za wodi za akili. Mwaka 2002 yalitolewa majibu ya majaribio ya watoto 101 wenye usonji waliokuwa wakijiumiza, kushambulia au kulipuka kwa hasira. Baada ya wiki 8, asilimia 69 ya waliopewa dawa walikuwa na nafuu kubwa; kwa waliopewa kidonge kitupu ilikuwa asilimia 12. Mwaka 2006 mamlaka ya dawa ya Marekani iliiidhinisha kwa watoto wenye usonji wa miaka 5 hadi 16, si kuutibu usonji wenyewe, bali kupunguza hasira kali na kujiumiza. Katika majaribio yaleyale, watoto waliomeza dawa waliongezeka wastani wa kilo 2.7 kwa wiki 8, wenzao kilo 0.8. Daktari alinieleza yote haya bila kunificha: usingizi, njaa isiyoshiba, uzito, sukari, homoni, na mara nyingine misuli kukakamaa au kutetemeka. Akasema tutaanza na kiasi kidogo kabisa, tutampima uzito kila mwezi, na tutapima damu.

Mume wangu alikuwa kimya njia nzima ya kurudi. Karibu na nyumbani akauliza, "Hiki kidonge ni cha nani? Chake au chetu?"

Swali hilo ndilo lililokuwa chini ya mengine yote. Nililijibu kwa usiku kadhaa, kila usiku jibu lake. Kuna usiku nilikiri kwamba ni changu: nimechoka, sijalala usingizi wa mfululizo tangu azaliwe, nataka niweze kwenda chooni bila kufunga mlango wa nje kwa kufuli. Kuna usiku nilisema ni cha mdogo wake, mwenye nyuzi shavuni. Kuna usiku nilisema ni cha shule, yenye watoto zaidi ya tisini darasani na mwalimu mmoja. Kama darasa lingekuwa na watoto 25 na mtu wa pili wa kusaidia, huenda nisingekuwa na karatasi hii mkononi. Hilo naliamini hadi leo na nitalisema popote. Sheria yetu ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki ya mtoto kama wangu ya kusoma na wenzake. Kidonge hakipaswi kuwa mbadala wa mwalimu ambaye hakuajiriwa.

Lakini mtoto hawezi kungoja nchi ipate walimu. Damu ukutani ilikuwa yake. Nilipojiuliza kama yeye mwenyewe anateseka, jibu halikuyumba usiku wowote. Kila baada ya mlipuko alikuwa akija kujikunja chini ya meza, anatetemeka, anajifunika masikio. Hakuna mtu anayefurahia kuwa mle. Nikaamua kwamba nitampa, kwa sababu hiyo moja, na kwamba sababu nyingine zote, hata zilizo za kweli, hazitakuwa na kura.

*

Kwenye uji dawa ingepita bila yeye kujua. Wengi hufanya hivyo na siwalaumu. Mimi nilishindwa. Mtoto ambaye dunia nzima inamfanyia mambo bila kumwambia, nikasema kwa hili nimwambie. Nilichora kadi: kidonge, kikombe, kitanda. Nikamwonyesha robo ya kidonge kiganjani, kama punje ya mtama, nikameza hewa mbele yake ili aone. Siku tatu aliusukuma mkono wangu, na siku tatu sikumlazimisha. Ya nne akaichukua.

Wiki ya pili alilala hadi alfajiri. Nilikwenda mara tano kuweka mkono puani mwake kuhakikisha anapumua. Wiki ya tatu hakujigonga. Mdogo wake akaanza tena kukaa karibu naye.

Wiki ya tano tulikwenda Chamwino. Lazima nieleze kwamba mwanangu hakuwahi kugusa mlenda. Utelezi wake ulimfanya atapike hata akiuona kwenye kijiko cha mwingine, na kwa bibi Mgogo hilo lilikuwa msiba wa pekee: mjukuu asiyekula mlenda atakuwa mtu wa wapi? Mchana ule bibi aliweka ugali wa uwele na bakuli la mlenda, akatuwekea sisi. Mwanangu akaja, akachovya, akala. Akachovya tena. Bibi akapiga vigelegele, majirani wakachungulia. Alikula hadi bakuli likaisha, akalilamba, akaanza kutafuta sufuria.

Kila mtu alifurahi, nami niliinuka nikaenda nyuma ya nyumba. Sikujua nani alikuwa amekula. Kama ni mwanangu aliyefungukiwa na ladha mpya, basi ni baraka. Kama ni ile njaa niliyoelezwa hospitalini, basi kuna kitu kilikuwa kimeingia ndani ya mtoto wangu na kula kwa mkono wake.

Jibu nililipata jioni. Ilimba ilikuwa mahali pake, kwenye msumari. Hakuitazama. Babu aliishusha akamwekea mapajani. Ikakaa pale kama tofali. Mwanangu alikuwa anatazama mbele, mdomo wazi kidogo, ametulia kama picha. Hakuna mwalimu ambaye asingempenda mtoto huyo. Bibi alinitazama, hakusema neno, na nilimshukuru kwa kunyamaza.

Nilipomweleza daktari, sikusema "amelala mno" wala "amenenepa," ingawa yote yalikuwa kweli. Nilisema, "Hapigi tena ilimba." Alinitazama, akaandika. Akapunguza dozi, akahamisha kidonge kutoka asubuhi kwenda usiku, akaniomba nianze daftari.

Daftari hilo ndilo limenifundisha ninachokijua. Mwanzo niliandika mambo ambayo kila mtu huyauliza: amelala saa ngapi, amejigonga mara ngapi, amekimbia au la. Kisha nikaona kwamba mambo hayo yote yanapima kupungua. Dawa yoyote ikiwa nyingi itayapunguza. Hata kanga iliyapunguza. Nikaongeza safu ya pili, ya mambo yanayopaswa kubaki au kuongezeka. Amegusa nguzo zake? Amecheka? Ametafuta mtu? Ilimba? Safu ya kwanza ikishuka na ya pili ikishuka nayo, mtoto anatulizwa, na ni wajibu wangu kurudi kwa daktari hata kama nyumba nzima inafurahia kimya. Ya kwanza ikishuka na ya pili ikapanda, hapo dawa inafanya kazi yake, na hapo namshukuru Mungu na mkemia kwa pamoja.

Najua mzazi mwingine angeweza kuamua tofauti na akawa sahihi. Yuko ambaye mtoto wake alihitaji jino kung'olewa tu. Yuko ambaye mtoto wake anakimbia lakini hajiumizi, na fensi ya michongoma ingetosha. Yuko ambaye kwa mwanawe ile dawa ya Dar es Salaam ingekuwa bora kuliko yangu. Siwezi kumwambia mtu ampe mtoto wake dawa, wala asimpe. Ninachoweza kumwambia ni kwamba uamuzi huu haufanyiki mara moja na kufungwa kama faili. Unafanyika kila jioni, kiganja kikiwa wazi, na anayeacha kutazama ndiye anayemzamisha mtoto, awe amempa kidonge au amemnyima.

Daktari ameniuliza juzi kama niko tayari tujaribu kupunguza tena, ili tuone ni kiasi gani bado kinahitajika. Naogopa. Bado namwona dereva yule ameinamisha kichwa. Lakini nimekubali, na tutafanya hivyo mwezi wa kumi na mbili, shule zikiwa zimefungwa, tukiwa kwa bibi, mbali na lami, mvua za kwanza zikianza kulaza vumbi. Tutakuwa watu wanne wa kutazama. Bibi ameomba asomewe daftari kila jioni, na ameniambia niache nafasi ya maneno yake.

Jana usiku nilimsomea la wiki hii kwenye simu. Ukurasa wa mwisho una mistari minne. Jumapili. Usingizi, saa nane. Hakujigonga; amepiga kelele mara mbili, mbwa alipobweka. Ilimba ya babu, tuliyoiazima, tangu jua kuzama hadi mwezi ulipotoka, kijiti kimoja, shavu juu ya sanduku.